Beki Aliyepiga Pasi Kushoto

Tulimzika Kocha Byamungu mwezi wa tatu, ardhi ya Ohio ikiwa bado ngumu kwa baridi, na baada ya mazishi tukakusanyika katika ukumbi wa kanisa hapa Whitehall, mji tuliohamia wengi wetu baadaye, kula wali na kunywa chai. Nilikuwa nakusanya sahani niliposikia nyuma yangu sauti ya Papa Safi, yule aliyekuwa msaidizi wa Kocha enzi zetu za Louisville, ambaye sasa ni mzee wa kutembea na fimbo. Alikuwa anabishana na Jozue, kiungo wetu wa mguu wa kushoto, ambaye siku hizi ana kitambi na watoto wanne. "Mi nilisemaga toka siku ya kwanza," Papa Safi alisema. "Ule Wilondja alikuwa beki ya kweli. Hatukupata tena mutu kama ule." Jozue akatikisa kichwa. "Beki ya kweli, ndiyo. Lakini haikuwa beki ya mupira yetu. Donc, Papa, tusidanganyane hata leo." Kisha wote wawili wakageuka wakaniona, wakanyamaza. Wananyamaza kila mara, maana mimi ndiye niliyeshika daftari. Nikaweka sahani chini, nikatoka nje kwenye ngazi, nikasimama bila koti mpaka vidole vikafa ganzi. Miaka kumi imepita, na watu wazima waliotoka kumzika mwenzao bado wanabishana kuhusu beki mmoja. Wanabishana kama alifaa. Hakuna anayezungumzia kile tulichokiona uwanjani kule Lackawanna, na mimi niliyekiona kwa karibu kuliko wote sijawahi kukieleza kwa mtu mpaka mwisho.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefika Louisville miezi minane tu, nikifanya kazi kwenye ghala la kupakia maboksi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilisimama kwenye mkanda unaotembea na kuhakikisha idadi kabla lori halijafungwa, na nilikuwa sikosei. Sifa hiyo ikamfikia Kocha Byamungu, ambaye aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo upande wa pili wa ghala hilo hilo. Siku moja wakati wa mapumziko alikuja na sahani yake ya makayabu, samaki wa chumvi, akakaa mbele yangu. "Furaha, binti yangu, unajua mupira?" Nikamwambia sijui. "Bon. Ni vizuri. Mutu anayejua atahesabu ile anayopenda. Wewe utahesabu ile inaonekana." Akanipa tableti iliyopasuka kioo na daftari la shule, akanieleza imani yake. Timu yetu, ya vijana waliotoka Uvira, Fizi na milima ya Kivu ya Kusini, ingecheza mpira wa kumiliki. Pasi fupi, chini, mguuni kwa mwenzako. Mwenye mpira hafungwi. Beki kwake hakuwa mtu wa kubutua. Alikuwa mtu wa kwanza kuanzisha shambulio. Nilipaswa kurekodi kila mechi na kuandika pasi za kila mchezaji katika safu mbili, zilizofika na zilizopotea.

Jumamosi baada ya mechi tulikwenda nyumbani kwake. Naikumbuka sebule ile kuliko chumba changu mwenyewe: zulia la rangi ya maziwa lililokuja na nyumba, makochi yaliyofunikwa vitambaa alivyofuma Mama Esta, mke wa Kocha, na darini kile chombo cha kugundua moshi kilichoishiwa betri, kikilia "pii" mara moja, kisha kikae kimya mpaka umekisahau, kisha kilie tena. Hakuna aliyejishughulisha nacho. Mama Esta alileta ugali na sombe, kisamvu chenye mafuta ya mawese, tukanawa mikono, na Kocha akaunganisha tableti na televisheni. Tulikula tukijitazama wenyewe. Wachezaji walicheka makosa yao, na Kocha, tonge mkononi, alisimamisha picha na kueleza nani alipaswa kuwa wapi. Leo nikifikiria, nilipenda saa zile kwa sababu kila kitu kilichotokea asubuhi kilikuwa kinaweza kurudishwa nyuma na kutazamwa upya, na idadi yangu ilikuwa daima sawa na picha. Sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo kitu kilichotokea kinaweza kuthibitishwa.

Wilondja alikuja mwezi wa nne. Alikuwa ametua Louisville wiki tatu kabla, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, mwanamume wa miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye adabu ya kuinamisha kichwa akikusalimia. Kocha alimweka beki wa kati katika mechi ya mazoezi. Hakukimbia. Hilo ndilo la kwanza nililoliona: wengine wote walikuwa wanakimbia na yeye anatembea, lakini kila mpira hatari uliofika eneo letu ulimkuta amesimama tayari, kama mtu anayesubiri mgeni mlangoni. Mshambuliaji mmoja alimpita golikipa wetu kwa chenga na kupiga mpira kwenye goli tupu, na kabla hajapiga, naapa, kabla hajapiga, Wilondja alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nguzo. Akautoa kwa kisigino. Papa Safi, aliyecheza beki ujanani kule Uvira, alivua kofia. Lakini mara tatu au nne katika mechi ile, akiwa na mpira mguuni bila presha yoyote, Wilondja alinyanyua kichwa, akaangalia kushoto, akapiga pasi safi, ya kipimo, mahali pasipo na mtu. Mpira ukavuka nyasi tupu ukatoka nje.

Jioni ile sebuleni hatukucheka. Kocha alirudisha ile pasi mara mbili, akidhani kuna mchezaji ambaye hakuonekana kwenye picha. Ndipo Esta, binti yake wa miaka kumi, aliyekuwa amelala tumbo kwenye zulia na kitabu chake, akauliza kwa Kiingereza, "Yule anaongea na nani?" Baba yake akamwambia anyamaze. Esta akainuka, akagusa kioo cha televisheni kwa kidole. "Yule. Angalia mdomo wake." Tukaangalia. Wilondja alikuwa anazungumza. Si kelele za uwanjani, si "rudi" na "mshike". Alikuwa anazungumza polepole, uso umegeukia kushoto, akinyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza jibu, halafu akisogea hatua moja kulia, kumpisha mtu nafasi. Mahali alipopisha palikuwa nyasi tu. Nilipeleka picha mbele na nyuma. Katika mechi nzima nafasi ile ilisogea pamoja naye, upana wa hatua sita au saba, na hakuna mshambuliaji hata mmoja aliyepita ndani yake. Njia ilikuwa wazi kabisa, na wote waliizunguka. Chombo cha darini kikalia "pii", na Mama Esta akaacha kijiko kianguke jikoni.

Wilondja mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kazini kiwandani. Kwa hiyo mjadala ulianza bila yeye, na uliendelea bila yeye majira yote ya joto. Papa Safi alisema kazi ya kwanza ya beki ni mpira usiingie, na kwa huyu hauingii, basi yamekwisha. Kocha alisema hapana. "Papa Safi, mi nakubali iko na akili. Lakini sisi tunajenga toka nyuma. Kama beki yangu anapoteza mupira mine kila mechi bila mutu kumugusa, ile si timu ya kumiliki. Ile ni bahati nasibu." Jozue alisema mtu anaweza kufundishwa. Mwingine akasema yule hafundishiki, anahitaji kuombewa. "Mucheze naye vile iko," Papa Safi alisema. "Muko na mbwa inayojua mwizi kabla hajafika, na munalalamika juu ya haijui kukaa mezani." Wakacheka, na kicheko kilikatika haraka. Mimi niliongeza safu ya tatu kwenye daftari. Zile pasi hazikuwa zimefika na hazikuwa zimenyang'anywa, na nilitaka hesabu iwe sawasawa. Safu hiyo niliiita "hewani".

Mwezi wa saba tulisafiri kwenda Columbus kucheza na vijana wa hapa Whitehall, uwanja ulio nyuma ya majengo ya ghorofa ambako ninaishi sasa. Naupita kila asubuhi nikienda kutunza wazee, na bado siupiti katikati. Kocha alikuwa amepata wazo: kama Wilondja anapiga pasi kushoto, basi awekwe mtu kushoto. Akamtoa Jozue kiungo, akamweka beki, kwenye nafasi ile ile. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo. Filimbi ilipolia, Wilondja alimtazama Jozue, akatazama chini, na kwa dakika zote nilizorekodi hakufungua mdomo. Alicheza kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Alichelewa kila mpira. Tulifungwa matatu, na kila bao lilipitia kwa Jozue, ambaye alikuwa mchezaji wetu bora. Wakati wa mapumziko Jozue alikaa mbali na wenzake, taulo begani, akitetemeka katika joto lile. Nilimpelekea maji. "Dada Furaha," aliniambia kwa sauti ya chini, "umeshakaa siku moja kwenye kiti cha mutu, halafu ule mutu anarudi, anasimama tu, haseme kitu?" Nikamwambia ndiyo. "Bon. Mi niko pale tangu asubuhi."

Wiki iliyofuata nilimkuta Wilondja kwenye chumba cha kufulia cha majengo yetu ya Louisville, adhuhuri, mashine zote zikizunguka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wa kulia kabisa, ingawa benchi lote lilikuwa tupu. Nilikuwa na daftari. Sijui kwa nini nilimwonyesha, nadhani nilijivunia. Akapitisha kidole kwenye jina lake, akafika safu ya tatu. "Hii 'hewani' ni nini?" Nikamweleza. Hakukasirika. Mashine moja iliposimama, akaniambia habari za Asukulu. Walicheza mabeki wa kati pamoja kambini kwa miaka saba, Asukulu kushoto, yeye kulia. Hawakuwa ndugu. Walizoeana tu mpaka mmoja akisogea mwenzake anajua. Wiki ambayo majina ya kusafiri yalibandikwa, Asukulu alitoka nje ya kambi kutafuta kuni asubuhi. "Saa ile ya watu kurudi, hakurudi. Tulitafuta siku ine. Tulikuta kamba yake ya kufunga kuni, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya jiwe. Siku ya tano basi yangu ikaja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kama ningezika mutu, ningekuwa nimezika. Sikuzika. Donc, siwezi kusema hayuko." Nikamuuliza kama anamwona. "Hapana. Najua tu fasi yake, pale anasimama."

Ningeweza kumwambia Kocha maneno haya. Nimejiuliza miaka kumi kwa nini sikumwambia, na jibu la kweli ni dogo na la aibu: Kocha aliniomba idadi, hakuniomba habari. Mwezi wa tisa alinikalisha sebuleni mbele ya Papa Safi, akasema, "Furaha, nisomee." Nikasoma. Pasi zilizofika, zilizopotea, na hewani, mechi kwa mechi, bila kukosea. Papa Safi alijaribu kunikatiza. "Na mupira alizookoa? Zile umeandika wapi?" Sikuwa nimeziandika. Hakuna aliyeniomba nihesabu kitu ambacho hakikutokea. Kocha akafunga daftari kwa upole, akanirudishia, na Wilondja akawa mchezaji wa benchi. Alipoambiwa, aliinamisha kichwa kama anavyosalimia, akauliza kama anaruhusiwa kuendelea kusafiri na timu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa nasi Lackawanna, mwezi wa kumi. Tulitoka Louisville Jumamosi alfajiri, tukalala kwa waumini wa Buffalo, na Jumapili baada ya ibada tukaenda uwanjani, kusini mwa mji, karibu na mahali palipokuwa kiwanda cha chuma. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani. Mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo iliyo ufukweni yalikuwa yanajitokeza moja moja juu ya ukungu, yanashuka, yanapotea, bila nguzo chini yake. Kutoka pale nilipoweka tableti niliona vizuri nusu moja tu ya uwanja, ile tuliyoilinda kipindi cha pili. Watu wa Buffalo walikuwa na nguvu. Mpaka mapumziko hakuna aliyekuwa amefunga. Kipindi cha pili beki wetu mmoja akaumia goti, na Kocha, akiwa hana mwingine, akamwita Wilondja. Akamwonyesha Jozue ashuke nyuma, kushoto. Jozue akaja mpaka kwenye mstari, jasho linamtiririka. "Kocha, nakuheshimu. Lakini usiniweke pale. Acha wazi." Kocha akaitazama nafasi ile. Kisha, mtu yule aliyekuwa amejenga imani yake yote juu ya kutoacha nafasi, akasema, "Acheni wazi."

Nilirekodi dakika ishirini. Wilondja alizungumza tangu alipokanyaga nyasi, kwa furaha, kama mtu aliyekutana na mwenzake safarini. Wale wa Buffalo waliona njia, wakaijia. Mshambuliaji wao mkubwa alikuja nayo mara mbili, mpira mguuni, hakuna mtu mbele yake, na mara zote mbili alifika penye uwazi akasimama ghafla na kurudisha nyuma. Baada ya mechi, tukinywa chai kutoka chupa za waumini, alimwambia golikipa wetu kwamba beki wetu wa kushoto ana viatu vya kelele. Golikipa akamuuliza beki gani. Yule bwana akatuhesabu kwa macho, akaweka kikombe chini, akaenda zake.

Lakini kabla ya hapo ilikuja ile pasi. Ilikuwa karibu na mwisho. Wilondja alipokea kutoka kwa golikipa, akanyanyua kichwa, akapiga kushoto, safi, ya kipimo. Nilishaweka kalamu kwenye safu ya tatu. Mpira ulivuka nyasi hatua kumi, na ukasimama. Haukupunguza mwendo. Ulisimama kama unavyosimama chini ya wayo wa kiatu. Hakuna aliyekimbia, hata wao. Jozue ndiye aliyezinduka. Alikimbia kutoka katikati, akauchukua pale pale ulipokuwa, akaupeleka mbele ndani ya ukungu ambako sikuona kitu. Nikasikia wavu. Hatukushangilia mara moja. Wilondja hakuangalia goli. Alikuwa amegeukia kushoto, anasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, kisha akanyanyua mkono kidogo, kwa namna ya kumuaga mtu anayepanda gari. Toka pale mpaka filimbi ya mwisho hakusema neno. Baada ya mechi Kocha alikwenda mwenyewe kupagusa pale mpira uliposimama, akitafuta maji au shimo. Nilimfuata. Palikuwa pakavu, nyasi fupi, sawasawa kama pengine pote. Akafuta mkono kwenye suruali na kuniambia nisiiweke video ile kwenye televisheni. Sikuiweka.

Tulirudi Jumatatu mchana, wachezaji wamelala. Nilimuuliza Wilondja kama Asukulu amebaki Buffalo. "Hapana. Ameenda." Wapi? "Hakusema." Alikuwa anatazama dirishani, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. "Alisema tu amechoka kuandikwa makosa." Hakulisema kwa kunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenilaumu.

Tulikuwa na mechi moja iliyobaki, nyumbani Louisville, mwezi wa kumi na moja. Wilondja alianza. Kila pasi yake ilifika. Fupi, chini, mguuni kwa mwenzake, kulia, katikati, kushoto kwa Jozue, ambaye sasa alisimama pale bila kutetemeka. Alikuwa beki wa timu ya kumiliki mpira hasa, yule ambaye Kocha alimwota. Na walimpita. Walimpita kwa mbio, kwa chenga, kwa mipira mirefu ya kitoto ambayo zamani ingemkuta ameshafika. Aligeuka kila mara akiwa amechelewa hatua moja, na sura ya mtu aliyeamshwa. Tulifungwa manne. Papa Safi aliondoka kabla ya mwisho, kofia mkononi. Kocha alipiga makofi peke yake kwenye mstari, akisema, "Ile ndiyo beki! Munaona sasa?" lakini alikuwa anatazama nyasi. Kama tungeshinda tungeweza kumaliza mjadala. Kwa vile tulifungwa, nadhani ndiyo maana bado unaendelea.

Majira ya baridi Wilondja alipata kazi Buffalo, akahamia, akaoa huko, hajacheza tena. Lakini jioni ile ya mwezi wa kumi na moja alikuja nilipokuwa nakunja waya wa tableti, viatu vimening'inia shingoni, akaomba kuona daftari. "Hewani leo, ngapi?" Nikamwambia hakuna. Akaniomba nimsindikize mpaka pakingi. Tukaondoka, na bila kufikiri nilishika upande wake wa kulia, hatua kadhaa pembeni, kama tulivyokuwa tumezoea sote kuacha kushoto kwake wazi. Baada ya muda alisimama. Akanishika kiwiko taratibu, kama unavyomshika mgeni asiyejua nyumba, akanizungusha mbele yake mpaka nikawa kushoto kwake.

"Tembea tu huku, Dada Furaha," alisema. "Kuko fasi."